Anti, nakatwa shoti, faini, mpaka hela ya sare: hivi huu mshahara ni wangu au wa duka?

SWALI

Shikamoo Anti. Mi ni msomaji wako wa kimya kimya, sijawahi kuandika popote, ila mwezi huu maji yamenifika shingoni ndo maana nimeamua kuja kwako.

Ni keshia kwenye duka la vipodozi Kariakoo, jumla na rejareja, jina sitalitaja. Nna mwaka na miezi kadhaa pale na mkataba ninao nyumbani, umeandikwa mshahara 450,000 kwa mwezi. Zamani bosi mwenyewe alikuwa anashinda dukani, ukikosea hesabu anakufokea weee mpaka wateja wanageuka, afu yanaisha, kesho mnacheka. Shida imeanza alivyomleta mdogo wake awe meneja. Huyu kijana kila kitu kwake ni kukata. Ukichelewa unakatwa, ukivunja kopo unakatwa, stoku ikipungua mnakatwa wote, na sheria zake anazitangaza kwenye grupu la WhatsApp usiku saa nne, asubuhi zinaanza kazi.

Mwezi uliopita ndo kamaliza. Nimepewa bahasha nikakuta 160,200. Nikahisi kachanganya na bahasha ya mwenzangu. Nikamuuliza, akanigeuzia karatasi ya risiti nyuma kaandika kwa kalamu: NSSF 45,000, paye 10,800, advansi 50,000, shoti 134,000, kuchelewa 20,000, sare 30,000. Akasema hesabu hiyo hapo, piga mwenyewe.

Advansi sina neno, nilichukua laki moja mtoto alipougua na nikasaini kwenye daftari lao tugawe mara mbili. Hayo mengine ndo yananiuma. Shoti ya kwanza ni 96,000. Ilikuwa Jumamosi, unaijua Kariakoo ya Jumamosi karibu na sikukuu, watu wamejaa mpaka nje. Akaja mama mtu mzima kabisa, kajisitiri vizuri, kachukua lotion na mawigi, akasema analipa kwa lipa namba. Simu ya duka inayoingia meseji za malipo anakaa nayo meneja, na muda huo alikuwa katoka kwenda kula. Sisi maelekezo yetu siku zote ni kwamba mteja akilipa angalia meseji kwenye simu yake mruhusu aende, tusiweke foleni. Nikaangalia, jina la duka lipo, kiasi kipo, namba ya muamala ipo, nikamfungia mzigo na kumwambia karibu tena. Jioni tunafunga hesabu hela haipo. Meseji ilikuwa ya kutengeneza.

Shoti ya pili ni 38,000. Hiyo walihesabu stoku wakakuta pungufu la 114,000, akasema keshia tuko watatu tugawane. Anti, stoo funguo anayo yeye na vijana wa mzigo wanaingia na kutoka kutwa nzima, sisi tuko kaunta hatujui hata kilichopo mle ndani.

Kuchelewa, mi nakaa Kimara. Ile wiki ya mvua Jangwani ilijaa maji, mwendokasi haipiti, watu tunashushwa Magomeni kila mtu anajijua. Kanikata mara nne, elfu tano tano. Sare ni tisheti mbili zenye jina la duka, hakuna aliyetuuliza kama tunazitaka.

Kinachoniuma zaidi, mwisho wa mwezi kuna daftari la mishahara, pale tunasaini kwamba tumepokea 450,000 nzima, ndo unapewa bahasha. Na rafiki yangu alinisaidia kuangalia michango yangu NSSF kumbe toka huyu meneja aje hakijaingia kitu, miezi mitano sasa, wakati kila mwezi nakatwa.

Nilipolalamika akanitolea fomu niliyosaini siku naanza kazi, imeandikwa nitawajibika kwa upotevu wowote utakaotokea eneo langu la kazi. Akaniambia ulisaini mwenyewe, hukulazimishwa, na kama huwezi mlango uko wazi.

Mume wangu anasema niache tu. Mwenzangu wa kaunta ananiambia acha ushamba, na wewe jilipe humo humo kwenye droo taratibu, wote ndo tunavyofanya. Mi naogopa vyote. Naomba unisaidie Anti, yapi hapo wana haki ya kunikata na yapi wananionea? Na ile fomu imeshanifunga? Nikienda kushtaki si ndo nafukuzwa?

Keshia, Kimara


JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana.

Nianze na huyo mwenzako wa kaunta maana ndo ananitisha kuliko meneja. Droo usiiguse, hata mia. Sasa hivi wewe ndo unadai. Siku ukichomoa elfu kumi ukanaswa kwenye kamera, habari ya makato inakufa palepale, inakuja habari ya wizi wa mfanyakazi kwa mwajiri wake, ambayo Kanuni ya Adhabu ina kifungu chake kabisa na kifungo chake si cha kuchezea, na huyo anayekwambia "wote tunafanya" polisi hutamuona. Hilo tumelimaliza.

Sasa tuje kwenye ile karatasi ya nyuma ya risiti. Kwanza nimshukuru meneja kwa kukuandikia kwa mkono wake, usiipoteze hiyo, ipige picha leo leo kabla wino haujafutika, na itume hata kwa mumeo ikae sehemu mbili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ile namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 28 kinaanza kwa kukataza. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara, halafu ndo inataja milango miwili ya kukata. Mlango wa kwanza ni makato yanayotakiwa au kuruhusiwa na sheria iliyoandikwa, au mkataba wa hiari kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au amri ya mishahara, au amri ya mahakama, au tuzo, yaani hukumu ya mwamuzi wa migogoro ya kazi. Mlango wa pili ni deni ambalo wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi likatwe. Basi. Grupu la WhatsApp saa nne usiku haliko kwenye orodha, hata meneja akiweka emoji za hasira.

NSSF na paye zinapita mlango wa kwanza na hesabu yake hapo kapatia, nimeipiga mwenyewe. Asilimia 10 ya 450,000 ni 45,000. Inabaki 405,000, na kwa mshahara wa mwezi kodi haigusi 270,000 ya mwanzo, kwa hiyo kinachotozwa ni 135,000 kwa asilimia 8, inakuja 10,800. Sawa kabisa. Ila ajue na yeye anatakiwa aweke asilimia 10 yake juu, yaani kila mwezi kwenye akaunti yako ya NSSF inatakiwa isomeke 90,000. Siku akianza kukukata tozo ya ufundi stadi au mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, hizo kataa, ni mzigo wa mwajiri peke yake. Kuna wajanja wanazichomeka humo humo mtu asijue.

Advansi nayo ni halali, ulichukua, ulisaini, mkakubaliana mara mbili. Ilipe na usiichanganye kwenye malalamiko, maana ukienda kudai vyote kwa pamoja mpaka ulichokopa kweli, utaonekana hujui unachodai na mengine ya maana yatapoteza nguvu.

Kwa hiyo mpaka hapo makato ya haki ni 105,800, na bahasha yako ilitakiwa iwe na 344,200. Tofauti ni 184,000. Hiyo ndo tunaigombania.

Shoti sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nusu ya barua ninazopata toka Kariakoo, sheli na kwa mawakala wa hela za simu ni hili hili. Watu wana imani kwamba shoti ni ya keshia, mwisho wa mazungumzo. Sheria haisemi hivyo. Kwenye hasara, hata huo mlango wa pili wa kukubali kwa maandishi umewekewa vizingiti, na vinatakiwa vitimie vyote sio kimoja kimoja. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na iwe imetokana na kosa lako wewe. Mwajiri akupe kwa maandishi chanzo chake, kiasi, na kimehesabiwaje. Akupe nafasi ya kutosha ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara yenyewe iliyopatikana. Na jumla ya makato ya namna hiyo isizidi robo ya mshahara wako wa fedha.

Chukua hiyo meseji feki ya 96,000. Swali la kwanza sio hela imepotea au haijapotea, imepotea kweli na bosi kaumia, hilo nalielewa, siwaonei wenye maduka, wanaibiwa kila siku na biashara ina kodi ya pango na TRA wanasubiri. Swali ni kosa la nani. Wewe umefuata utaratibu mliopewa na duka lenyewe, angalia simu ya mteja mruhusu. Simu pekee inayoweza kuthibitisha kwamba hela imeingia iko mfukoni kwa meneja na meneja yuko mgahawani. Ungekuwa una hiyo simu mkononi ukapuuzia kuangalia, ningekwambia hapo mwanangu una kesi ya kujibu. Lakini kwa ulivyoeleza, uzembe wa mtindo huo ni wa aliyepanga utaratibu. Kama kuna meseji yoyote kwenye grupu ambapo aliwaambia "angalieni simu ya mteja, msiweke foleni", itafute, piga picha ya skrini. Hiyo ni dhahabu.

Stoku ndo kabisa. Kugawana hasara kwa idadi ya vichwa ni kukiri kwamba hajui nani kakosea. Angejua asingegawa. Sheria inataka kosa la mfanyakazi, sio la kundi, na wewe hata funguo ya stoo huna, droo yenyewe ya kaunta nina uhakika mnatumia wote watatu. Tena hata tungesema shoti zote mbili ni halali, 134,000 imeshapita robo. Robo ya 450,000 ni 112,500. Yaani hata kwenye kuonea kazidisha.

Fomu uliyosaini siku ya kwanza, wengi ndo inawafunga mdomo hiyo. Ukisaini mwezi wa kwanza kwamba utalipa "upotevu wowote", umekubali deni gani? Halijatokea, halina kiasi, halina sababu. Unawezaje kupewa nafasi ya kupinga hesabu ambayo haipo? Saini ya jumla jumla haiondoi vile vizingiti nilivyokutajia, kila hasara inapotokea inabidi waanze upya: wakuandikie, wakuhesabie, wakusikilize. Kwa hiyo akikutolea hiyo fomu tena usibishane naye kaunta mbele ya wateja, mwambie tu kistaarabu, "sawa kaka, naomba basi chanzo na hesabu ya hii shoti kwa maandishi nijibu". Uone atakavyokukodolea macho.

Faini ya kuchelewa. Hapa niseme ukweli wote usije ukanilaumu, kuchelewa kazini ni kosa la nidhamu na mwajiri ana haki ya kukuonya, onyo la mdomo, onyo la maandishi, na likijirudia sana linaweza kukugharimu kazi. Jangwani ikijaa maji ni sababu inayoeleweka na Dar nzima inajua, ila toa taarifa mapema, tuma meseji ukiwa Magomeni pamoja na picha, usisubiri ufike ndo ujitetee. Pamoja na hayo yote, elfu tano kwa kila ulivyochelewa ni adhabu ya hela ambayo haina sheria nyuma yake na haina makubaliano yako, na yeye hajapata hata hasara ya elfu tano kwa dakika ishirini zako. Hiyo 20,000 idai.

Sare, fupi tu. Kama ungekubali kwa maandishi kununua tisheti mbili kwa bei fulani, makato yangekuwa sawa, na sheria inataka makubaliano ya vitu vya kununua yataje ni vitu gani na vingapi. Hukuandika, hukuulizwa. 30,000 irudi.

Sasa mwanangu hebu tulia hapa, hili la daftari la mishahara ndo lilinifanya niache chai. Kifungu hicho hicho cha 28 kinamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mfanyakazi akiri kupokea kiasi kikubwa kuliko alichopokea. Na unajua kwa nini wanalipenda hilo daftari? Siku ukienda kulalamika, yeye halazimiki kuelezea shoti wala faini wala nini, anafungua ukurasa anaonyesha: huyu hapa, 450,000, saini yake hii hapa, anadai nini tena? Makato yote yanakuwa kama hayajawahi kutokea. Kwa hiyo kuanzia mwezi huu, ukiletewa daftari, hesabu bahasha kwanza, halafu pembeni ya saini andika kwa mkono wako "nimepokea" na kiasi halisi na tarehe. Akikukataza kuandika, usigombane, ila usisaini hicho cha uongo, rudi kwenye kiti chako umtumie meseji pale pale: "Kaka, nimeshindwa kusaini 450,000 kwa kuwa bahasha ina shilingi kadhaa." Meseji ina tarehe na saa, inatosha. Na tena dai slipu ya mshahara yenye mchanganuo, kila malipo yanatakiwa yaende na maelezo ya maandishi, sio nyuma ya risiti.

Umeuliza ukienda kushtaki si ndo utafukuzwa. Anaweza kujaribu, siwezi kukudanganya, watu wa aina hiyo wapo. Ila sheria inasema wazi kwamba kutumia haki yako ya kisheria, au kukataa kufanya kitu ambacho mwajiri hana haki ya kukutaka ufanye, sio sababu halali ya kumuachisha mtu kazi, na wewe umeshapita ile miezi sita ya mwanzo ambayo mtu hana ulinzi wa kuachishwa isivyo halali. Akikufukuza kwa sababu hiyo atakuwa kajiongezea kesi kubwa kuliko 184,000. Ikitokea hivyo una siku 30 tu za kufungua shauri la kuachishwa, usikae nyumbani kulia mwezi mzima.

Na mume wako mwambie nimemsikia, nia yake nzuri, ila kuondoka ghafla hakukusaidii. Unalipwa kwa mwezi, ukitaka kuacha unatakiwa utoe notisi ya siku 28, ukitoka tu mlangoni unampa meneja sababu ya kukukata kingine tena. Dai kwanza ukiwa ndani.

Unaanza kwa bosi mwenyewe sio mdogo wake, maana kwa ulivyomueleza huyo mzee sio mtu mbaya, inawezekana hata hajui kinachoendelea, au anajua nusu. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja, kwa heshima, bila kutukana mdogo mtu, kitu kama hivi:

"Shikamoo bosi. Mwezi uliopita nilipokea 160,200 badala ya 344,200 baada ya makato ya NSSF, paye na advansi. Nimekatwa 134,000 ya shoti, 20,000 ya kuchelewa na 30,000 ya sare, jumla 184,000, bila kupewa maelezo ya maandishi wala nafasi ya kujitetea. Pia michango yangu ya NSSF ya miezi mitano haijaonekana. Naomba nirudishiwe hiyo hela na michango iwasilishwe, na kama kuna hasara ambayo duka linaona ni kosa langu naomba nipewe chanzo na hesabu yake kwa maandishi ili nijibu. Naomba jibu ndani ya siku saba."

Toa nakala, yako mwambie aliyepokea asaini na aweke tarehe. Akikataa kupokea itume pia kwa WhatsApp yake, zile tiki mbili za bluu zina kazi siku moja moja.

Zikipita siku saba kimya, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu wanaiita CMA, hapa Dar ofisi zipo na huduma hailipiwi. Unajaza fomu ya CMA F1, unampelekea mwajiri nakala na unabaki na ushahidi kwamba kapokea, ndo unaiwasilisha tume. Huhitaji wakili, unaweza kujisimamia mwenyewe na Kiswahili chako hiki hiki. Wanaanza na usuluhishi, mnakalishwa meza moja na msuluhishi, na kwa uzoefu wangu kesi za shoti nyingi zinaishia hapo, kwa sababu mwenye duka akishaulizwa "uko wapi utetezi wa maandishi wa mfanyakazi kabla hujamkata?" anaanza kuangalia saa. Msiposikilizana ndo inaenda kwenye uamuzi.

Kitu ambacho watu wanakosea ni muda. Madai ya namna hii yana siku 60 toka mgogoro ulipotokea, hayasubiri mpaka uchoke. Kwa makato ya mwezi uliopita bado uko ndani ya muda, usiyacheleweshe. Ya miezi ya nyuma zaidi, kama na huko alikukata, inabidi uombe kuongezewa muda kwa fomu ya CMA F2 na ueleze kwa nini ulichelewa, na "nilikuwa naogopa" peke yake mara nyingi haitoshi. Ndo maana nakwambia barua kwa bosi iende wiki hii.

Njia nyingine ambayo inafanya kazi sambamba ni afisa kazi wa serikali. Huyo ana mamlaka ya kuingia dukani, kudai kumbukumbu za mishahara na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza. Ukiwa na wenzako wawili wa kaunta ambao nao wamegawiwa 38,000 kila mmoja, nendeni watatu, inakuwa ngumu kusema mmoja ana kinyongo. Na kama mko wengi kidogo hapo dukani ongeeni na TUICO, ndo chama kinachobeba watu wa viwanda na biashara. Ada yao nayo inakatwa kwenye mshahara, ila hiyo unaijazia fomu mwenyewe.

NSSF usiichanganye kwenye foleni ya CMA, ile nenda nayo moja kwa moja ofisi ya NSSF na mkataba wako, ile karatasi ya risiti na taarifa ya michango aliyokutolea rafiki yako. Kukata hela kwa ajili ya kumpelekea mtu mwingine halafu usimpelekee, ile ile Sheria ya Ajira inakataza, na NSSF wana maofisa wao wa kudai michango kwa waajiri, wanajua jinsi ya kumpata kuliko mimi na wewe. Mwambie pia mwenzako wa droo akaangalie yake, maana kama kwako haijaingia miezi mitano sioni kwa nini kwake iwe imeingia.